Mwende na Dawa ya Maji

Mashine ya kwanza ya presha niliyokabidhiwa ilikuwa ya zebaki, ndani ya sanduku la chuma lenye bawaba iliyolegea. Ukiifungua vibaya, kifuniko kilikubana vidole. Sista Nyokabi, aliyenipokea chumba cha wagonjwa wa nje hospitalini Thika, aliniacha nibanwe bila kusema neno. Kisha akasema, "Sasa hutasahau," akaenda kuita mgonjwa.

Nyinyi wauguzi mlioniomba niandike haya mnatumia mashine za betri zinazosoma zenyewe. Sina ugomvi nazo, ila hazijui kama mtu amekalishwa vizuri. Sista Nyokabi alijua. Mgonjwa alikaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Kama alikuwa amevaa sweta na kabuti juu yake, kama watu wa Thika wanavyovaa mwezi wa Julai, alivua yote mpaka mkono ubaki wazi. Na kabla ya hayo yote aliulizwa kama anataka kwenda choo.

"Kibofu kikijaa, presha inapanda," Sista aliniambia. "Utamwandikia mtu dawa ya maisha, kumbe alikuwa tu anataka kukojoa."

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na alitembea kama mtu anayewahi kufunga dirisha kabla ya mvua. Alistaafu akaenda kulima Gatundu, akafa huko akiwa mzee sana, na presha yake, niliambiwa, ilikuwa ya msichana. Katika yote aliyonifundisha, nililotumia zaidi ni hili: usimwulize mgonjwa kama anameza dawa. Atasema ndiyo, kwa sababu anataka umwone ni mtu mzuri. Mwulize ni siku gani kumeza kunakuwa kugumu.

Baada ya miaka mingi ya Thika nilihamia kiwanda kimoja cha nguo upande wa Ruiru, kuwa muuguzi wa wafanyakazi. Nilikuwa nimejenga Mugutha, karibu na hapo, na nilichoka kurauka alfajiri kila siku kwenda Thika. Watu walidhani nimeenda kupumzika. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja kati ya stoo ya vitambaa na jikoni ya wafanyakazi. Ukuta ulitetemeka siku nzima kwa sababu ya cherehani, na vumbi la nyuzi lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Ili kusikia mapigo ya mgonjwa kwa kifaa cha masikioni, nilisubiri mapumziko ya chai. Mashine zilipozimwa, ukimya ulikuja kwa ghafla hivi kwamba watu walishusha sauti bila kujua.

Kazi ilikuwa sindano zilizopenya vidole, migongo, mabega, vichwa vinavyouma, na wasichana waliotaka kuniambia jambo lakini wakaanza na kikohozi. Nilijifunza kuitoa sindano ya cherehani kidoleni bila kuivunja. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Mwende hakuja kama mgonjwa. Alimleta mwenzake aliyechomwa na sindano, akakaa kwenye benchi kumngoja. Alikuwa mshonaji wa kola, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye pengo dogo la meno lililomfanya aonekane anacheka hata akinyamaza. Kwao ni Yatta. Aliishi Mwihoko kwenye chumba cha kupanga na mumewe Musyoka, fundi wa mawe, na watoto wao wawili. Nilipomaliza na yule wa kidole, nikamwambia, "Na wewe lete mkono, si umekaa tu."

"Mimi niko sawa, Sista."

"Najua. Lete tu."

Presha yake ilikuwa juu. Nilimpumzisha, nikapima tena, ikawa juu. Nilimwita siku nyingine wakati wa chai, na wiki iliyofuata tena, na haikushuka. Nikamtuma kliniki ya serikali, daktari akamwanzishia kidonge kimoja cha asubuhi. Ni kile kinachoitwa hydrochlorothiazide kwenye pakiti. Hakuna mgonjwa wangu aliyewahi kulitaja jina hilo lote. Wote walikiita dawa ya maji, au wakiwa wawili, dawa ya kukojoa.

Alikileta nimweleze. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana nilimpenda.

"Hii inafanya nini haswa, Sista? Daktari alikuwa na foleni."

"Damu yako ina maji na chumvi," nikamwambia. "Vikizidi ndani ya mishipa, mishipa inasukumwa kwa nguvu. Figo ndizo zinachuja. Hii dawa inaziambia figo zisirudishe chumvi mwilini, ziiache itoke. Chumvi ikitoka inaondoka na maji. Ndiyo maana utaenda choo sana mwanzoni."

"Sana kiasi gani?"

"Asubuhi mpaka mchana hivi. Unameza asubuhi ili usiku ulale. Ukivumilia, baada ya wiki kadhaa mwili unazoea, hiyo safari ya choo inapungua, na mishipa yenyewe inalegea. Hapo ndipo faida kubwa iko. Kula ndizi, kula machungwa, kwa sababu kuna madini mengine yanaondoka na mkojo. Na punguza chumvi kwa githeri."

"Githeri bila chumvi?" Alinitazama kama nimemtukana. "Hata mimi sasa naona kweli ni mgonjwa."

Tukacheka. Alikuwa na kicheko cha kuegemea ukuta.

Sasa niwaeleze kadi, kwa sababu wengine wenu hamkuikuta. Kila mstari wa cherehani ulikuwa na kadi moja ya plastiki yenye kamba, ikining'inia kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi. Anayetaka kwenda choo aliivaa shingoni, akarudi, akaitundika. Mtu wa pili alingoja. Kiwanda kilisema ni kwa ajili ya usalama. Na kila mstari ulikuwa na kiwango cha nguo cha siku, na kisipotimia, mstari mzima ulibaki jioni mpaka kitimie. Shati huenda kutoka mkono hadi mkono. Mshonaji wa kola akisimama, wa mikono anakaa bure, wa vifungo anakaa bure, na wote wanamtazama.

Msimamizi wa mstari wa Mwende alikuwa Njeri, aliyeishi Mwihoko pia. Wawili hao waliingia kiwandani pamoja, wakiwa wasichana, na walikuwa wanakopeshana unga. Njeri hakuwa mtu mbaya. Nasema hili mapema ili msije mkamtafuta mbaya katika habari hii, maana mimi mwenyewe nilimtafuta na sikumpata.

Siku za kwanza Mwende alimeza kidonge kila asubuhi. Alienda choo, akarudi, akaenda tena. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili kijana mmoja wa kukata nyuzi akapiga kelele, "Bomba imepasuka tena!" na mstari wote ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina likamshika, Mama Bomba. Wiki hiyo mstari ulibaki jioni zaidi ya mara moja, na siku ya mwisho hakuna aliyecheka. Njeri akamwita kando.

"Mwende, rafiki yangu, kwani uko na nini? Hawa wasichana wako na watoto nyumbani. Wananiuliza mimi."

Mwende hakumwambia ana presha. Mikataba pale ilikuwa ya muda mfupi, ikifika mwisho unaitwa au huitwi, na kila mtu aliamini kwamba jina la mgonjwa huwa haliitwi. Sijui kama ilikuwa kweli. Waliamini tu, na hiyo ilitosha. Akamwambia Njeri ni tumbo, litapoa.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba presha haishuki. Kila alipokuja nilimpima, na kila mara nilimwandikia arudi kliniki. Daktari akamwongezea kidonge cha pili, enalapril, cha kuzuia mishipa isikazwe. Mwaka ukapita, na mwingine, presha ikabaki pale pale. Akamwongezea cha tatu, cha kupunguza kasi ya moyo. Alipewa pia karatasi ya kwenda kupimwa damu ya figo, lakini kipimo kilifanywa asubuhi za siku za kazi, na ruhusa ya asubuhi ilihitaji sababu, na sababu ndiyo hiyo hakutaka kuitaja. Karatasi ilikaa kwenye mkoba mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Jumapili moja alianguka kanisani Mwihoko. Walikuwa wamesimama kwa wimbo, naye akashuka chini taratibu, Musyoka alisema, kama nguo inayoteleza kutoka kwa kamba. Walimpepea, wakamwombea, mama mmoja akamwaga maji usoni, na alipofumbua macho alitaka kuinuka, akaanguka tena. Walimbeba nyumbani, na Musyoka akanipigia simu. Nikamwambia amlaze, ainue miguu yake juu ya kiti, asimpe dawa yoyote ambayo mtu atamshauri. Nikaenda.

Nilimkuta nyumbani amelala kitandani, mashavu ya rangi ya jivu. Presha yake, niliyoizoea juu kule, ilikuwa chini kuliko ya mtoto wake. Watoto walikuwa wametolewa nje. Musyoka alisimama mlangoni na vumbi la mawe bado kwenye mikunjo ya viganja vyake, ingawa ilikuwa Jumapili na alikuwa ameoga.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikakumbuka Sista Nyokabi.

"Mwende, ni siku gani kumeza dawa kunakuwa kugumu?"

Akageuza uso kwa ukuta.

"Siku za kazi," akasema.

"Zote?"

"Zote, Sista. Namezanga Jumapili. Hapa choo kiko karibu, na hakuna mtu ananingoja."

"Dawa zote tatu pamoja?"

"Si ndio daktari aliandika."

Hapo ndipo nilipoelewa. Daktari alikuwa akiongeza dawa juu ya dawa kwa mwanamke ambaye hakuwa akimeza hata moja siku sita, kisha siku ya saba, tena bila kiamsha kinywa kwa sababu ya ibada, anazimeza zote kwa mara moja. Mwili ambao haujazoea ukipigwa na dawa tatu hivyo, lazima uanguke. Kidonge cha maji kimepunguza maji, cha pili kimelegeza mishipa, cha tatu kimezuia moyo usikimbie kufidia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nini? Ungesema nimeze." Akafuta macho na shuka. "Na mimi nataka kumeza, Sista. Sio ati sitaki. Lakini ukisikia watu arobaini wamenyamaza wakikungoja utoke choo..."

Musyoka akasema kutoka mlangoni, polepole, "Mimi nilikuwa naona anameza. Kila Jumapili nilikuwa naona."

Jambo lililonichoma na linaloendelea kunichoma ni hili. Shida aliyoikimbia ilikuwa ya wiki chache. Angevuka zile wiki, mwili ungezoea, na angeenda choo karibu sawa na mtu mwingine. Kwa kumeza Jumapili peke yake alijirudisha mwanzoni kila wiki, akapata taabu yote ya dawa na asipate faida yake.

Jumatatu nilitaka kwenda kwa meneja na barua. Mwende alinishika mkono kwenye korido, kwa nguvu ya mtu anayevuta kitambaa kizito.

"Usiandike, aki Sista. Tumenunua ploti Murera. Musyoka ameanza kuinua mawe. Nikikosa kuitwa sasa, hiyo nyumba itabaki ukuta."

Siri ya mgonjwa ni yake. Hilo mnalijua. Nilienda kwa meneja bila jina la mtu, nikazungumza juu ya maji na kibofu na figo za wafanyakazi wote kwa ujumla. Alinisikiliza vizuri, akanipa chai. Akasema kadi ilikuwa imesaidia sana. Nikanywa chai yake nikatoka.

Kwa hiyo nilifanya nililoweza. Nilienda na Mwende kliniki siku yangu ya mapumziko, nikamweleza daktari ukweli wote mbele yake, naye akavua miwani, akasema, "Pole, mama. Mimi nilidhani ni presha sugu." Akamwondolea zile tatu, akamwandikia amlodipine, moja kila jioni baada ya chakula. Hii haiendi kwa figo kuomba maji. Inalegeza misuli ya kuta za mishipa, mishipa inapanuka, damu inapita bila kusukumana. Hakuna choo. Hakuna kadi.

Na ilifanya kazi. Nataka mjue hivyo. Presha ilishuka, ikakaa. Aliitwa kwenye mkataba mwingine, na mwingine. Jina la Mama Bomba likabaki, lakini likawa la upendo, na yeye mwenyewe alijiita hivyo kwa simu. Wakahamia Murera nyumba ikiwa haijapigwa plasta, madirisha mawili yamezibwa kwa mabati. Nilialikwa kuombea nyumba. Njeri alikuja na unga na sukari, akawa anampigia kila mtu kelele jikoni kama yuko kazini. Musyoka alinizungusha akinionyesha kona za nyumba, akiweka kiganja juu ya kila jiwe la pembeni.

Nikaanza kudhani tumevuka.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Mwende alikuja akanionyesha alama ya soksi. Amlodipine hufanya hivyo kwa wengine, maji yanateremka vifundoni jioni baada ya kukaa siku nzima, na asubuhi yanapungua. Si hatari, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Nilikuwa karibu kumwambia hivyo. Lakini ilikuwa asubuhi, zamu ilikuwa haijaanza, na nilipomtazama usoni niliona kope zake zimejaa kama za mtu aliyelia usiku kucha.

"Ulikuwa unalia?"

"Hapana. Siku hizi naamka hivi."

Uvimbe wa dawa haukai kwenye macho asubuhi. Nilimwambia avue aproni, tunaenda Thika leo hii, na kama ni kuitwa au kutoitwa, tutajua baadaye. Hakubishana. Nafikiri alikuwa anajua.

Majibu ya damu yalipotoka, nguvu ya figo ilikuwa imebaki kidogo sana. Ile miaka ambayo presha ilikaa juu bila dawa, na vidonge vya maumivu ya mabega alivyokuwa akinunua dukani kama karibu kila mshonaji wa pale, vyote vilikuwa vimefanya kazi yao kimya. Presha haiumi. Figo nazo haziumi mpaka zimekaribia kuisha. Daktari wa Thika alimweleza kwa upole kuhusu mashine ya kusafisha damu. Mwende alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo mashine, mtu anakaa kwake muda gani?" Alipoambiwa, akasema, "Basi si kama zamu ya nusu siku," na daktari hakujua kama acheke.

Aliacha kazi. Siri haikuwepo tena, na Njeri alikuja zahanati akiwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Sista, ni kweli? Mwende ako na figo?"

"Ni kweli."

"Na ile kwenda choo ya zamani. Ile tulikuwa tunacheka. Ilikuwa nini?"

Mwende alikuwa ameniruhusu nimwambie. Nikamwambia. Njeri alisimama pale mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia, na hakutoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akichelewa kengele.

Tulienda pamoja Murera Jumamosi moja baada ya kazi. Mwende alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, amejifunika shuka, mkono wenye mshipa uliopasuliwa kwa ajili ya mashine umelala mapajani. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba miguuni. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe kidogo cha mtoto, kwa siku nzima, maana figo zisipofanya kazi maji hayana njia ya kutoka. Kiu ikimzidi alinyonya kipande cha barafu.

Tuliongea mambo ya kiwanda. Nani ameolewa, nani amehamia kiwanda kingine. Njeri alijibu kwa neno moja moja. Mwende akamtazama, lile pengo la meno likaonekana.

"Njeri, mwambie meneja aniite. Siku hizi sikojoi kabisa. Nikikaa kwa cherehani asubuhi, nitainuka jioni. Hata kadi sitaigusa."

Alisema hivyo kwa kumfurahisha. Nawaapia, hakukuwa na uchungu ndani yake, alitaka tu rafiki yake acheke. Njeri akainuka, akaingia jikoni. Tulisikia maji yakimwagwa kwenye karai. Aliosha vyombo vyote vya nyumba ile, vichafu na visafi, sufuria zilizokuwa zimetundikwa ukutani akazishusha akaziosha pia. Mwende alisikiliza mlio wa sahani mpaka tulipoaga.

Alifariki msimu wa baridi, asubuhi, wakimngojea mtu wa gari awapeleke Thika kwa mashine. Musyoka alikuwa amemfunga viatu.

Tulimzika kwao Yatta. Kiwanda kilitoa basi, na nusu ya mstari wake ilikuja. Yule kijana wa kukata nyuzi, ambaye sasa ni baba wa watoto, alibeba msalaba. Njeri aliombwa kuzungumza kwa niaba ya wafanyakazi, akashika kipaza sauti, akasema, "Mwende alikuwa anashona kola iliyonyooka kuliko mtu yeyote," akarudisha kipaza sauti. Watu walidhani amesahau maneno.

Wiki chache baadaye kadi zikawa mbili kwa kila mstari. Ilitangazwa kuwa ni kwa ajili ya kuongeza ufanisi. Njeri ndiye aliyekuwa akienda ofisini kila jioni kuomba, lakini hilo alinikataza nisimwambie mtu mpaka nistaafu. Basi nimestaafu.

Katika siku zangu za mwisho kazini, wakati namwonyesha dada aliyechukua nafasi yangu mahali pa funguo, askari wa lango alipiga simu kwamba kuna mzee ananiuliza. Alikuwa Musyoka. Si mzee, ila alikuwa amekuwa mzee. Alikaa kwenye benchi na kuweka mapajani mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Aliuliza habari za Mugutha, habari za mvua. Niliuliza habari za watoto. Kioko, mkubwa, yuko shule ya bweni. Mdogo anampikia.

Alipofungua mfuko niliona pakiti za dawa, nyingi, zingine hazijafunguliwa. Vidonge vya presha, sindano za kuongeza damu, dawa za mifupa wanazopewa watu wa figo. Alikuwa amezipanga kwa ukubwa.

"Nimezikuta kabatini," alisema. "Nimeangalia tarehe, hazijaharibika. Nikasema nikuletee. Huku kwenu kuna watu wengi wa presha. Labda zitamsaidia mtu."

Kanuni tunaijua wote. Dawa iliyotoka nyumbani kwa mtu hairudi rafuni. Hujui imekaa wapi, juani au jikoni. Inaharibiwa. Nilimtazama alivyokuwa ameziweka, na nikatamani sana kusema uongo. Lakini alikuwa amedanganywa kwa upendo miaka ile yote ya Jumapili, na sikutaka kumwongezea.

"Baba Kioko, haziwezi kupewa mtu mwingine. Ukiniachia, kazi yangu ni kuzichoma."

Aliitikia kwa kichwa. Akazirudisha moja moja ndani ya mfuko, kwa mpangilio ule ule, akafunga fundo.

"Basi wacha nirudi nazo," akasema.

Nilimsindikiza mpaka langoni, na alinishukuru kwa muda wangu.